Nilisaga biti iingie kwa drill yangu, nikapasua mguu wa kitanda cha marehemu

Wakuu, salamu kutoka Kiptere. Hii nawaandikia bila kuongeza chumvi, na aibu yote ni yangu.

Mimi ni fundi wa mbao. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma majani chai, nikazaliwa hapa, kwa hivyo hapa ndio kwetu.

Jirani yangu ni mama mzee tunayemwita Kogo, yaani nyanya. Mume wake alifariki akiwa anamtengenezea kitanda cha emitiot, ule mzeituni wa msituni, mti mgumu ajabu. Mbao alizikausha miaka mingi juu ya meko ya jikoni mpaka zikawa nyeusi kwa moshi. Miguu alishachonga. Hata vigingi vya kuiunganisha alivichonga kwa kisu, vyote unene mmoja. Kilichobaki ni kutoboa mashimo.

Watoto wake walitaka kumnunulia kitanda kingine, akakataa. Akaniita mimi.

Nikapima kigingi: milimita kumi na nane. Nikaenda hardware pale Roret, nikanunua biti ya mbao, kile chuma cha kutobolea, ya saizi hiyo. Drill yangu ya betri niliiacha nyumbani, na hapo ndipo ujinga ulianzia.

Kurudi, biti haiingii. Mdomo wa drill unafunguka milimita kumi mwisho, na shina la biti, pale inaposhikwa na drill, ni kumi na tatu.

Mtu mwenye akili angeirudisha. Mimi nikachukua grinda, nikasaga lile shina mpaka likaingia. Mafundi wa huku tunasaga kila kitu, si mnatujua?

Sasa shina lililosagwa kwa mkono haliwi duara sawasawa. Biti ikaanza kuyumba. Drill nayo nilikuwa nimeiweka spidi ya juu, eti nimalize haraka. Ncha ya biti ikauma mbao, drill ikanipinda mkono, na mguu ukapasuka kutoka juu hadi katikati.

Nilikaa chini. Wakuu, niliogopa. Hiyo ni kazi ya mwisho ya mtu, na umeipasua. Mjane utamwambia nini?

Wazo la kwanza lilikuwa nitafute mti mwingine, nipake rangi nyeusi, ninyamaze. Halafu nikaunusa ule mguu. Ulinuka moshi wa jikoni kwake. Angejua siku hiyo hiyo.

Nikaubeba ule mguu, nikaenda nikamwambia ukweli. Akapitisha kidole kwenye ule ufa.

"Wewe ulipeleka na haraka," akasema. "Ngoja."

Akaingia jikoni, akarudi na mguu mwingine, umechongwa vilevile.

"Mzee alitengeneza tano. Alisema emitiot iko na kiburi, lazima moja itapasuka. Sasa hii ndio ya mwisho, fundi."

Safari hii nilibeba drill yenyewe na kigingi kimoja hadi Roret. Mama mwenye hardware akanicheka.

"Si ungekuja nayo from day one? Biti inapimwa na drill yake, bwana!"

Akanipa ya saizi ileile, lakini shina lake limepunguzwa kiwandani hadi kumi.

Nilijaribu kwanza kwa ule mguu uliopasuka. Spidi namba moja, ile ya polepole, bila kusukuma. Ncha ikitokeza tu, nageuza na kumalizia upande wa pili. Shimo likatoka safi. Ndipo nikaugusa ule wa mwisho.

Vigingi viliingia kwa kugongwa na kiganja. Mwenyewe hayuko, na vipimo vyake vikakubali.

Kogo alikaa kwenye kitanda, akasikiliza kama kinalia. Hakikulia. Akasogea upande wa ukuta, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Mimi nikajifanya nakusanya vifaa.

Nilichojifunza: ukienda kununua biti beba drill, beba na kigingi chenyewe. Grinda iache nyumbani. Na ukiharibu, sema mapema. Ningenyamaza, ule mguu wa tano ungebaki jikoni mpaka leo.

Mafundi wa humu, mmewahi kuharibu kitu ambacho hakiuzwi dukani? Mwenyewe mlimwambia, ama mlipaka rangi?