Wavu wa Zulmira

Kwa miaka kumi na tisa Valdenor alifanya kazi ya kuwapeleka wageni kuvua samaki wasioliwa. Walitoka São Paulo, Curitiba na mbali zaidi, wakifuata tukunare wa mto wetu mweusi, samaki mkali mwenye doa kama jicho mkiani. Mgeni akishamvuta mpaka kwenye boti, Valdenor humtoa ndoana taratibu, picha inapigwa, kisha humshika mkia ndani ya maji mpaka apate pumzi, aende zake. Mimi ni jirani yake, milango yetu inatazamana, na ninajua kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha binti zake wawili.

Lakini ili wageni wapate samaki wakubwa, ziwa la Cujubim lilifungwa. Wakubwa wa kijiji walitia saini mkataba na mwenye kambi ya wageni, na tangu hapo ikawa marufuku kutega wavu humo. Wengi tulitii huku tukinung'unika. Zulmira, dada mkubwa wa Valdenor, mjane, hakutii.

"Ziwa alilovua mama yangu, leo nimwombe ruhusa mtu aliyekuja juzi na boti?" alisema.

Valdenor aliuona wavu wa dada yake siku moja akiwa na wageni, akaenda kusema kambini. Walinzi wa kambi waliuchoma ufukweni, Zulmira amesimama anatazama. Miaka miwili hakumjibu ndugu yake hata salamu. Wakikutana kanisani, alihama benchi.

Oktoba hiyo Valdenor alikuwa na mgeni mmoja tu, Daktari Anselmo, daktari wa meno aliyestaafu, mzee mcheshi. Asubuhi waliaga kambini kwamba wanakwenda mto wa juu. Njiani daktari akabembeleza waende nyuma ya Cujubim, na Valdenor, kwa kutotaka kumvunja moyo, akakubali. Huko boti iligonga kisiki kilichofichwa na maji, ikapasuka, ikazama na injini, redio na chakula. Waliogelea hadi fungu la mchanga wakiwa na fimbo moja ya kuvulia, vyambo bandia vitatu, panga na kiberiti cha gesi cha daktari. Goti la daktari lilikuwa limeteguka.

"Watatutafuta," daktari alisema.

"Watatutafuta mto wa juu, Daktari," Valdenor alijibu.

Siku ya pili jioni, baada ya kushinda na njaa, daktari alinasa tukunare mkubwa ajabu. Alipigana naye hadi akamchosha. Valdenor aliingia majini hadi kiunoni, akamtoa ndoana, akamshika mkia, samaki akavuta pumzi mara mbili, akaenda.

Walitazamana. Valdenor aliniambia baadaye kwamba mikono yake ilifanya peke yake, kama mtu anayefunga mlango akitoka. Daktari alikaa mchangani akaanza kucheka, kisha akawa analia, na Valdenor akageuza uso.

Usiku ule mafuriko ya mvua za mto wa juu yalifika. Maji yakapanda hadi msituni, na samaki wakayafuata kula mbegu zilizoanguka, kama wanavyofanya kila mwaka. Chambo bandia cha kwanza kilikwama kwenye mizizi, piranya, samaki wenye meno kama wembe, wakakata mshipi wa cha pili, na cha tatu hakikuguswa kutwa nzima. Valdenor alijua babu zake walifanyaje maji yakipanda. Alijua kwa kusikia. Alijaribu kuchonga mkuki. Alikosa, akakosa tena, na nguvu zikamwishia.

Siku ya nne mchanga ukafunikwa. Alifunga magogo mawili kwa mizizi, akamlaza daktari juu, akawa anaogelea na kuyasukuma kati ya miti iliyofurika. Hapo mguu wake ukanasa kwenye wavu. Maboya yalikuwa yamepakwa masizi yasionekane, na fundo lilikuwa la kuzungushwa mara mbili, fundo la mama yao.

"Unamjua mwenyewe?" daktari aliuliza.

"Ninamjua."

Ndani mlikuwa na samaki saba. Walipanda kwenye kipande cha ardhi kavu, wakawachoma nusu wabichi, wakala na magamba.

Asubuhi Zulmira alifika na mtumbwi kuangalia wavu wake. Aliwakuta wamelala kando ya mifupa. Alimwamsha ndugu yake kwa ncha ya kasia.

"Umekuja kuhesabu matundu?"

"Dada, tumekula samaki wako."

"Naona. Hata chumvi hamkuwa nayo." Akamtupia daktari mfuko wa unga wa muhogo. "Kula polepole, mzee, utatapika. Na wewe Valdenor, shika kasia. Sikubebi kama mgeni."

Njiani Valdenor alimsihi daktari asiutaje wavu. Daktari aliapa. Lakini siku ya tatu baada ya kurudi, ameshiba, goti limefungwa, alisimama mezani kambini mbele ya wageni wote akasimulia jinsi wavu wa mwanamke mmoja ulivyowaokoa. Hakuwa na nia mbaya. Aliona anamsifu.

Kesho yake mwenye kambi alimwita Valdenor.

"Wavu wa nani?"

"Wangu."

"Usinidanganye. Nataka jina."

"Nimeshakwambia, ni wangu."

Akafukuzwa kazi siku hiyohiyo, na walinzi wakaenda kuukata wavu. Alikwenda kwa Zulmira jioni. Nilikuwa barazani kwake nikisaga muhogo, nikasikia yote.

"Dada, sikukutaja."

"Na wavu uko wapi?"

Valdenor akaketi kizingitini.

"Mara ya kwanza ulinitaja, wakauchoma. Mara hii hukunitaja, wameukata. Sufuria yangu haijui tofauti, mdogo wangu."

Hata hivyo hakumfukuza. Alimwekea supu, naye akala ameinamisha kichwa. Sasa wanafuma wavu mpya pamoja, kila siku kwa saa mbili, kwa nyuzi nilizowakopesha. Valdenor ana vidole vizito. Zulmira hufumua mistari yake na kumrudishia afume upya. Ziwa bado limefungwa. Hawajaniambia watautega wapi, nami sijawauliza.