Kadi ya grafiki niliyoiamini na sauti ya Hooyo

Ijumaa, wiki moja kabla ya Ramadhani. Kilichopotea: sauti ya mama yangu, Hooyo.

Asalaam aleikum wakuu. Naandika yaliyotokea tu, pamoja na yanayoniaibisha, ambayo ndiyo mengi.

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Garissa. Shule niliishia kidato cha pili, mengine nimefundishwa na video.

Hooyo alipofariki mwaka jana, nilikusanya voice notes zake zote kwenye diski nne. Mashine inapiga hesabu fulani na kuisambaza kwenye diski zote, ili moja ikifa, zile tatu zirudishe kilichokuwemo.

Hesabu ilienda polepole. Mwenye akili angengoja. Mimi nikanunua kadi ya grafiki ya mtumba, iliyochoshwa na michezo ya kompyuta, nikaipa hiyo kazi.

Wakuu, ilikimbia. Niliita majirani waje waone. Mama anayeuza nyanya mlango wa pili alitazama namba zikipanda, akauliza kama inachemsha chai pia.

Ingeweza. Joto la hapa mnalijua. Kadi ilichemka ikaanza kukosea hesabu, kwa kasi ya ajabu.

Sikuwahi kuchomoa hata diski moja kujaribu kama vitu vinarudi. Na voice notes za kwenye simu nilishazifuta, nipate nafasi ya video za kadi za grafiki.

Ijumaa ile diski moja ikafa. Nilipojaribu kurudisha, zikatoka kelele, kama mchanga unaomwagwa kwenye bati.

Siku tatu sikumwambia mtu. Kisha nikaenda Bura kukiri kwa Abti, kaka yake Hooyo, mfugaji wa ngamia.

Hakunikemea. "Ngamia wangu wako kwa watu watatu," alisema. "Ukame ukipiga huku, wengine wako kule. Wewe fundi, uliweka zote boma moja?"

Nikamwambia zilikuwa diski nne.

"Boma moja, milango minne."

Funzo ndilo hilo, sina la kuongeza. Aliyewahi kuokoa faili za namna hii anielekeze hapa chini, hata kwa matusi.

Abti akatoa simu yake. Alikuwa na voice note moja ya Hooyo, sekunde kumi na moja, kwa sababu hajui kufuta.

Hooyo akasikika, mwenye mashine akiwa ni mimi: "Mwambie huyo mwenye mashine aje achukue maziwa kabla hayajaharibika."

Nilimwomba aicheze tena. Halafu nikaituma kwa dada yangu aliye Liboi, na kwa yule mama wa nyanya.

Mama wa nyanya akajibu: imefika.