Utitiri Kwenye Waridi za Madam

Jumamosi, katika duka la miche kule Umm Salal, huku ughaibuni, mlinzi Mkenya wa jumba moja, mteja kama mimi, aliweka kwenye kaunta jani la waridi alilolifunga kwa tishu. Akaligeuza, akanionyesha vidoa vyekundu vikitembea.

"Utitiri, ndugu yangu. Kwenye mashamba ya maua Naivasha nimewakagua hawa miaka sita."

"Kwa hivyo uliwaona mapema?"

"Wiki ya kwanza. Lakini mimi ni wa geti, nikanyamaza. Sasa maua yamekauka, madam mwenye nyumba amemfukuza mtunza bustani." Akalikunja jani. "Tulikuwa tunakula naye sahani moja."

Muuzaji akamletea miche ya waridi ya aina isiyoshambuliwa upesi na utitiri. Aliipokea bila kuitazama.

Nilitaka kumlaumu. Nikakumbuka wiki hiyo nimesema mara ngapi ofisini: hiyo si kazi yangu.