Magamba ya Bahasha ya Sita

Ninayoandika hapa hamtayaamini, na siwalaumu. Mimi niliyekuwepo bado kichwa kinanizunguka.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mtu wa maabara. Kazi yake ni magamba, yale ya kijivu yanayoota na kujibandika kwenye mawe. Anayakwangua, anayasaga, anayaloweka kwenye spiriti, kisha anadondosha maji yake kwenye kisahani chenye bakteria. Bakteria wakifa, panabaki duara angavu. Dawa mpya huanzia hapo. Miaka mitatu, hajaona duara hata moja. Bosi akamwambia: mwezi ukiisha hivihivi, utafiti unafungwa.

Siku aliyotoka mlimani kuyakusanya alilala kwangu na bahasha zake saba za magamba. Nikachungulia: vumbi tupu! Mimi niliyeishia darasa la saba (walimu walikuwa wananiogopa) nikaona aibu. Utaalamu gani mchafu hivi? Nikayaosha kwa dawa ya kusugulia choo, nikayaanika, nikarudisha kila moja bahashani mwake.

Wiki iliyofuata akaja anahema. "Mjomba! Maduara sita! Matano makubwa, la bahasha ya sita dogo!"

"Si nilijua?"

"Ulijuaje?"

Ulimi ukaniponza. Nikamweleza.

Akaketi juu ya ndoo. "Uliosha magamba ya bahasha ngapi?"

"Tano. Dawa ikaniishia. Au sita."

"Tano au sita, Mjomba? Ya sita kama hukuyaosha, nimepata dawa. Kama uliyaosha, nimepata choo."

Ndugu zangu, nikahesabu kwa vidole. Tangu nizaliwe hesabu haijawahi kunishinda. Nilikumbuka chupa, nikakumbuka beseni, lakini magamba yote sura moja! Nikiapa tano, mkono unakumbuka sita.

"Unanichanganya," akasema.

"Na mimi nimejichanganya, mama."

Tukarudi mlimani, kwenye jiwe yalikotoka magamba ya bahasha ya sita. Magamba hayo hukua polepole mno. Alikuwa amebakiza kipande cha ukubwa wa ukucha. Akaniamuru nitie mikono mifukoni, akakikwangua mwenyewe, akaenda nacho.

Keshokutwa yake nikajipeleka maabara. Kwenye kisahani, duara! Pana kama sinia, linamulika chumba kizima, bakteria chali, na bosi mwenyewe akapiga magoti, akaniambia, "Mzee, bila wewe sisi tunge—"

"Mjomba!" Kumbe mpwa wangu yuko nyuma ya bega langu, anasoma ninayoandika. "Lilikuwa kama kifungo cha shati. Na bosi alikuuliza nani kakufungulia mlango."