Santuri Zisizo na Majalada

Siku hizi santuri zimerudi. Vijana wa Nairobi wanazitafuta kama dawa, na sisi tulioambiwa kwamba ni za shetani tunaulizwa kama hatuna hata moja iliyosahaulika darini. Mimi nacheka, lakini si kwa furaha.

Kwetu Mwanda, nilipokuwa mdogo, mtu akiokoka alipeleka mambo yake ya dunia kwenye uwanja wa kanisa yachomwe: tumbaku, hirizi, na santuri pia. Mama aliokoka baada ya baba kufa. Baba alikuwa mpiga gita, na alirekodi wimbo mmoja tu maishani, kwa Kidawida, lugha yetu. Mama alibeba mzigo wake akautia motoni, watu wakaimba na kumkumbatia. Hawakujua kwamba alichoma majalada matupu. Santuri zenyewe alizifunga kwa leso akazificha chini ya sanduku la nguo.

Mwaka huu kaka yangu, anayefanya kazi Voi, alituletea mnunuzi wa santuri kutoka Nairobi. Kijana mpole, kaja na mashine yake ndogo ya kuchezea santuri. Alizipangusa moja moja, akalalamika kwamba bila majalada hazina bei nzuri, kisha akaitenga ya baba pembeni. Hiyo ndiyo aliyoitaka hasa. Kaka akasema iende, kwani mama hana hata cha kuichezea.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia auze ng'ombe wake, auze na shamba lake akipenda, lakini baba haendi kutundikwa ukutani kwenye baa ya watu wasioelewa hata anachoimba. Kaka akaniita mkaidi. Sikubisha.

Kijana akaomba tuisikilize kwanza. Gita likaanza kwa mikwaruzo, halafu sauti ya baba ikajaa sebule nzima. Sikuwa nimeisikia tangu utotoni, na nililia bila aibu. Mama hakulia. Alikuwa akiitikia kiitikio, neno kwa neno. Kaka akainuka kufunga dirisha, akisema majirani ni watu wa kanisa na watasikia.

"Acha wasikie," mama akasema. "Nimemficha mume wangu vya kutosha." Kisha akamgeukia mgeni. "Mwanangu, santuri hatuuzi. Hiyo mashine yako je, unauza?"

Aliuza. Jumapili iliyofuata, watu wakitoka ibadani, mama aliiweka mashine kibarazani akaongeza sauti.