Kiswahili Changu Chini ya Gurudumu

Niliporudi Kampala kutoka Nairobi nilikuwa na diploma ya ufundi mitambo, viatu vya ngozi na Kiswahili ambacho hata walimu wangu walikisifu. Hakuna aliyenisomesha, ada nilijilipia kwa kuziba pancha. Basi nilipopewa usimamizi wa gurudumu la bembea pale kiwanjani Nakawa, lililoachwa na mwenyewe, Mhindi, alipofukuzwa nchini, niliona nimestahili.

Jumapili moja alasiri umeme ulikatika. Gurudumu likasimama, watu wakiwa wananing'inia kwenye viti. Kazi yenyewe niliijua: unachomeka mpini, unazungusha kwa mkono, unashusha kiti kimoja, kisha kile cha upande wa pili, ili gurudumu lisielemee. Kinachotakiwa ni watu kutulia tu.

Nilichukua kipaza sauti. Fundi wangu, mzee wa Kinubi aliyelijua gurudumu lile kabla yangu, akanishika kiwiko.

"Bwana Diploma, hawa watu sema nao Luganda. Kiswahili hapa iko ya askari wa vizuizi barabarani."

"Mzee, sikusoma Nairobi ili nije kupiga kelele kama muuza ndizi."

"Haya. Wewe ndiyo umesoma."

Luganda ni lugha ya mama yangu. Nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza. Nikapaza sauti: "Tulieni! Mtashuka mmoja mmoja! Asisogee mtu kabla ya amri!"

Huko juu wengine wakainua mikono, viganja wazi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani ni utii kwa mtu aliyesoma. Sikukumbuka kwamba maneno yale yale, kwa lugha ile ile, waliyasikia kila siku kwenye basi lililosimamishwa na askari, na kwamba wapo walioshuka mmoja mmoja wasirudi.

Kwenye kiti cha tatu kutoka chini alikaa fundi cherehani wa Mengo. Nilimwona akifungua mnyororo wa kiti. Nikamfokea, "Wewe! Rudi!" Akaruka.

Wengine wote niliwashusha salama. Mpini niliushika mwenyewe, na hakuna msomi mwenzangu ambaye angeufanya mzunguko ule vizuri zaidi. Aliyewatuliza ni yule mzee, kwa Luganda yake mbovu: "Mukkakkane, bannange," yaani tulieni, wenzangu. Wakashusha mikono.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali kumwona yule fundi cherehani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika gotini. Nilimwomba radhi kwa Luganda. Akageuza kichwa mtoni, akaniita ssebo, yaani bwana.

"Kumbe wewe ni wa kwetu, ssebo?"

"Ni wa hapa hapa."

"Basi mdomo huo Jumapili uliuacha wapi?"

Nikamuuliza cherehani yake ni ya aina gani.

Goti halikukunjika tena, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Nilimtengenezea mpini wa mkono, mdogo wa ule wa gurudumu, nikaufunga kwa boliti nne. Ni kazi safi, nasema bila haya, na aliutumia miaka mingi. Lakini mkono mmoja ukizungusha, unabaki mmoja tu wa kushika kitambaa. Nilimwona akishona pindo la gauni, likaenda upande, akalifumua, akaanza upya.