Chupa Tatu za Kigombe

Leo nimechimba mahali nisipopaswa kugusa.

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Chumbageni. Hamjambo huko, na watoto? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Mnajua nipendavyo chupa za kale, maana mmenicheka sana kwa hilo.

Basi asubuhi, huku Kigombe, nikaona vitako vya chupa vimechomoza mchangani, kichakani. Nikadhani ni jalala la Wajerumani. Zilikuwa tatu, nikazing'oa. Nikachimbua pote kutafuta nyingine, nisipate. Nikaenda kuziosha.

Akapita bibi mmoja na kuni kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chupa hizo umezitoa wapi, baba?"

Nikamwonyesha, tena kwa furaha!

Akatua kuni.

"Pale wamelala wanangu. Hatukuwa na mawe, tukawawekea chupa za marashi tuliyowanyunyizia."

Astaghfirullah.

Tukarudi naye. Akashika ile ya kijani. "Hii ya Salimu. Ilikuwa wapi?"

Mchanga wote nilikuwa nimeuvuruga. Nikasema hapa, nikasema pale.

"Basi chagua wewe," akasema. "Wewe ndiye wa mwisho kuziona mahali pake."

Nikachagua.

Akasoma Fatiha penye kila chupa, akimtaja mtoto kwa jina. Nami nikaitikia amina, bila kujua aliye chini ni nani.

Nifanye nini, ndugu zangu? Nijibuni upesi, na safari hii msinicheke.